Hoho za Malindi ya Milimani

Ukishaiacha njia kuu pale Mombo, barabara haikupi nafasi ya kujiandaa. Inapanda hapo hapo. Joto la tambarare linabaki nyuma pamoja na mashamba ya mkonge, na kona zinaanza: mwamba upande mmoja, korongo la mto Mkuzu upande wa pili. Kilomita 33 hadi Lushoto, njia iliyochongwa enzi za Wajerumani, na bado ni nyembamba. Dereva wa Coaster yetu alipiga honi kila kona. Tulipanda wakati Fuso zinashuka, na zilishuka moja baada ya nyingine: kabichi zimerundikwa hadi juu ya bodi, karoti zilizooshwa, matenga ya nyanya, magunia ya viazi yaliyofungwa lumbesa yakiwa na vilemba vya nyasi na kamba. Nyingi zilikuwa zinakwenda Dar es Salaam, nyingine Tanga. Chache zilikuwa na safari ya kuvuka mpaka, na hizo chache ndizo zilizonitoa nyumbani.

Niseme mapema kwamba Malindi ninayoizungumzia haina bahari wala msikiti wa kale. Ni kata ya milimani, wilaya ya Lushoto, jirani na Lukozi kwenye njia ya kwenda Mtae. Nilitaka kuiona kwa sababu nimechoka kusikia masoko ya nje yakizungumzwa kutoka mezani. Novemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa Beijing, itifaki ya kuuza parachichi China ilitiwa saini, na tangu hapo sijahudhuria mkutano wa kilimo ambao hautaji soko jipya lililofunguliwa. Nafurahi na mimi. Lakini soko likifunguliwa Beijing au Brussels, mlango huo unaonekanaje kwa mtu aliyeshika jembe kwenye matuta ya Usambara?

Lushoto nilibadilisha gari. Baada ya Magamba msitu unakufunika, ukungu unashuka hadi kwenye kioo, na baridi inaingia mifupani. Hapo nilikumbuka dughulushi, ua dogo la zambarau linalomea kwenye miamba yenye kivuli katika milima hii. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la ukoo huo, Saintpaulia, na leo linauzwa kwenye vyungu katika madirisha ya Ulaya nzima. Ua hilo lilitoka bila cheti, bila mkaguzi, bila mtu wa Usambara kuulizwa wala kulipwa. Hoho ya Malindi haiwezi kufanya safari hiyo leo bila makaratasi ya watu watatu.

Ulaya wenyewe walikuwa wameanza kuogopa mimea ya wageni hata kabla ya dughulushi kufika kwao. Mdudu mdogo kutoka Marekani, filoksera, alikuwa ameangamiza mizabibu ya Ufaransa, na mwaka 1881 mataifa kadhaa yalitia saini mkataba mjini Bern ili kumzuia. Kutokana na hofu hiyo ndipo ulipokuja, mwaka 1951, Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea, unaosimamiwa chini ya FAO kule Roma. Cheti cha afya ya mimea kinachotolewa mpakani kwetu leo kinafuata mfano wa mkataba huo. Nayataja haya kwa sababu tumezoea kusema masharti haya ni hila za matajiri. Yapo ya hila. Hili la wadudu lina kidonda cha kweli ndani yake.

Malindi nilipokelewa na mzee mmoja ambaye amelima mboga tangu ujana wake. "Onga maundo," alisema, nikaitika kwa Kisambaa changu cha kuungaunga, halafu nikampa shikamoo yake. Shamba lake ni vipande vipande: kimoja bondeni karibu na mfereji, ambako hupanda hoho na kabichi, vingine vya viazi juu kwenye matuta ya ngazi. Binti yake, aliyemaliza kidato cha nne, ndiye anayeshika simu na daftari. Tulishuka bondeni watu watatu, umande ukitulowesha hadi magotini.

Hoho zilikuwa nzuri kuzitazama, nene, kijani kinachong'aa. Mzee alichuma moja akaigeuza, akanionyesha tundu dogo karibu na kikonyo, kisha akaipasua kwa kucha. Ndani, kwenye mbegu, alikuwa amelala kiwavi wa rangi ya waridi.

"Huyu," alisema. "Nje huwezi kumjua."

Sikuwa na hadubini ya kuthibitisha ni kiwavi wa nondo gani, lakini yuko mmoja ambaye Ulaya wanamwogopa sana, Thaumatotibia leucotreta. Ni mwenyeji wa Afrika kusini mwa Sahara. Hutaga kwenye machungwa, hoho, pilipili, makomamanga, mapichi, hata maua ya waridi. Tangu Januari 2018 Umoja wa Ulaya umeweka sharti kwa hoho na pilipili zinazotoka nchi alikozoeleka: ama zitoke eneo lililothibitishwa halina nondo huyo, ama zitoke shamba lililokaguliwa na maofisa msimu mzima, ama zipitie njia iliyothibitishwa ya kumuua au kumzuia, na kila kasha lifuatilike hadi shamba lilikotoka. Kwa kampuni yenye vibanda vya neti, mitego ya harufu na chumba cha baridi, hayo yanawezekana. Kwa mzee huyu mwenye kipande bondeni, na jirani yake hatua kumi mbali akilima hoho zile zile bila mtego wowote, "shamba lisilo na nondo" ni jambo lisilokuwapo. Nondo hajui mpaka wa shamba la mtu.

Nilimweleza hivyo. Alinyamaza kidogo, akamtazama binti yake, kisha akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo nimewauliza watu wengi ofisini: "Sasa mbona hawakutuambia?"

Miaka ya nyuma, alisimulia, kampuni moja ilikuja kupandisha njegere za kuliwa na maganda yake. Walitoa mbegu, walitoa dawa, wakasema mzigo utakwenda Ulaya kwa ndege. Misimu ya mwanzo walilipwa vizuri. Halafu mizigo ikaanza kukataliwa kwenye kituo cha kukusanyia. Leo gunia zima linarudi, kesho nusu. Sababu ilikuwa neno moja, "ubora". Mwishowe gari halikuja tena, na njegere zilizobaki walizipika au wakazigawa.

Sijui mzigo wa kampuni hiyo ulikwama wapi, na siwezi kuisemea. Ninachokijua ni hali ya soko lenyewe. Januari 2013 Umoja wa Ulaya ulipandisha ukaguzi wa maharage mabichi na njegere za maganda kutoka Kenya hadi mizigo 10 katika kila 100, kwa sababu ya mabaki ya kiuatilifu cha dimethoate. Wakulima wadogo wengi walitupwa nje ya mikataba, maana kampuni ziliona ni rahisi kusimamia shamba moja kubwa kuliko mamia ya vipande. Afrika Mashariki yote inapitia mlango ule ule. Mboga nyingi za Arusha na Kilimanjaro zilikuwa zikipandia ndege Nairobi, na kikohozi cha Kenya kilisikika huku.

Tuzungumze juu ya dawa, kwa kuwa hapo ndipo penye uzito. Malindi kuna ukungu wa angani na ukungu wa mimea, na wa kwanza humleta wa pili. Viazi na nyanya zikishikwa na baka jani msimu wa mvua, shamba linaungua ndani ya wiki. Kwa hiyo watu wanapiga dawa. Wanapiga tena mvua ikiosha. Nilimwona kijana amebeba bomba mgongoni, hana barakoa wala glovu, akipulizia kabichi ambazo jirani aliniambia zitakatwa keshokutwa. Dawa ya ukungu inayotumiwa sana, mankozebu, Umoja wa Ulaya uliamua Desemba 2020 kutoihuisha. Klorothaloni ilikuwa imekataliwa mwaka uliotangulia, klorpirifosi mwanzoni mwa 2020. Kwa kiuatilifu ambacho hakijawekewa kiwango chake, sheria yao ya mwaka 2005 inaruhusu mabaki ya miligramu 0.01 tu kwa kilo. Nilipiga hesabu hiyo kwenye daftari la binti: ni gramu 1 katika tani 100. Jaza malori kumi, kila moja tani kumi, kisha tafuta gramu moja.

Mzee aliniomba nirudie. Nikarudia. Hakucheka wala hakulalamika. Alisema tu kwamba bomba lile mtoto wake wa kiume pia hulibeba, na macho humwasha usiku.

Kwa sababu ya macho ya mwanawe siungani na wanaosema masharti haya yaondolewe. Mabaki yanayokataliwa Rotterdam tunayala sisi Kariakoo, na mwenye bomba anayavuta kabla yetu sote. Kinachonikera ni njia linayopita sharti kufika mlimani. Linaandikwa Brussels kwa sababu ndefu na vipimo, linafika kwa msafirishaji likiwa orodha, kwa wakala likiwa amri, na kwa mkulima linafika likiwa gunia lililorudishwa. Sababu zote zimedondoka njiani. Mtu hawezi kutii asichokijua, na akitii kwa woga, ataacha siku mnunuzi atakapoacha kuja.

Wala tusidhani sisi ni wapelekaji wa magonjwa tu. Mwaka 2014 nondo wa nyanya kutoka Amerika Kusini, ambaye mwaka 2006 alikuwa ametua Hispania, aliingia Tanzania. Wakulima wakamwita kanitangaze. Nyanya zilikauka shambani na watu wakaliacha zao hilo. Laiti angezuiwa na mkaguzi mmoja mahali fulani. Leo kazi hiyo hapa nchini ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na yenye makao yake Arusha. Ndiyo inayotoa cheti cha afya ya mimea kwa mzigo unaotoka na kukagua unaoingia. Pale Malindi niliowauliza walikuwa wakiijua kwa jina la zamani la watu wa viuatilifu, kama waliijua kabisa.

Jambo moja liliwashangaza wote: tangu Desemba 14, 2019, karibu kila tunda na mboga mbichi inayoingia Umoja wa Ulaya lazima iwe na cheti hicho, isipokuwa matunda matano tu, yaani nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. "Ndizi?" aliuliza mama mwenye nyumba, ambaye migomba yake ilikuwa nyuma ya jiko. Nikamwambia ndiyo, ndizi, ingawa meli, baridi na bei ya Amerika ya Kusini ni vita nyingine. Aliendelea kumenya viazi.

Jioni simu zilianza. Huu ndio wakati bei inapoingia kijijini. Dalali mmoja alipiga kutoka Tanga akasema Dar imejaa kabichi za Iringa, kwa hiyo bei ya soko la Lukozi kesho iko chini. Mwingine akasema Mombasa wanataka hoho na karoti, soko la Kongowea limekauka kwa sababu ya mvua upande wao. Binti aliandika yote mawili, na tarehe. Kwenye daftari lake kuna pia siku ya kupanda, aina ya mbegu, dawa gani ilipigwa na lini, na tarehe ya kuvuna. Hakuna kampuni iliyomwagiza. Alifundishwa na bwana shamba kwenye semina, akaona inamsaidia kujua faida. Nililishika daftari lile kwa heshima, maana ni miongoni mwa mambo ambayo mkaguzi wa viwango vya kilimo bora vya GLOBALG.A.P. huomba aone, na kampuni hulipia washauri ili liwepo.

Basi nikaamua kufuata hoho za Mombasa.

Fuso ilipakiwa usiku Lukozi kwa mwanga wa tochi za simu. Hoho kwenye viroba, karoti kwenye magunia, viazi juu. Hapa ndipo lumbesa ilipoanzisha ubishi. Sheria yetu ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipambana na vilemba hivyo miaka yote. Kenya, kanuni zao za viazi za mwaka 2019 zinataka mfuko usiozidi kilo 50. Utingo alisema mpakani watafungua na kupanga upya, na kazi hiyo atailipa mkulima, kwa kukatwa. Nilimuuliza kwa nini wasifunge kilo 50 huku huku juu. Akanijibu kwamba bei ya shambani ni ya gunia, haijali uzito, na dalali hawezi kuacha kilemba anachopewa bure.

Tulishuka Mombo alfajiri, Korogwe, Segera, Muheza yenye machungwa yake ambayo nayo hupanda malori ya Kenya, kisha Tanga, na kutoka Tanga mwendo mfupi wa kaskazini hadi Horohoro. Upande wa pili ni Lunga Lunga. Ni kituo cha huduma kwa pamoja: maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja, na msafiri hatakiwi kukaguliwa mara mbili.

Pale nilikaa na mama mmoja mfanyabiashara wa Tanga ambaye amevusha mboga miaka mingi. Alinifundisha zaidi ya semina zote nilizokaa. Mzigo wa mazao yaliyolimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, alisema, haulipi ushuru wa forodha, ila lazima uthibitishe umelimwa ndani. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti rahisi cha uasili kinachojazwa pale pale mpakani. Halafu cheti cha afya ya mimea cha TPHPA. Halafu mnunuzi wa Mombasa awe ameomba kibali cha kuingiza mimea kwa KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya, kabla gari halijaondoka Lushoto. "Wengi wanapotea hapo, mwanangu," alisema. "Wanapakia kwanza, kibali wanakitafuta wakiwa hapa. Hoho haingoji."

Aliikumbuka vizuri Machi 2021. Tarehe 5 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalisimama mipakani. Tarehe 10 zuio likaondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni, na cheti cha uasili. Kiwango kile hakikuwa kigeni, ni kiwango cha Afrika Mashariki ambacho sisi wenyewe tulikikubali. Lakini mahindi yalisimamishwa Ijumaa bila mkulima kupewa hata wiki ya kukausha. Sisi pia tunaijua silaha hiyo. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, kwa kuwa Malawi ilikuwa imezuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi yetu, na Afrika Kusini ilikuwa haipokei ndizi zetu. Siku chache baadaye mazungumzo yakafanyika na zuio likaondolewa. Wauza matofaa ya Afrika Kusini mijini walishtuka. Kule Lushoto, ambako tofaa linaota, hakuna aliyekuwa na tani za kujaza pengo hilo kwa wiki moja.

Nilimuuliza mama kama angependa kuuza Ulaya. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza habari za mwezini. Mombasa, alisema, wanakula kila siku, wanajua ladha ya hoho ya Usambara, wanazungumza lugha anayoijua, na mzigo ukikataliwa anaurudisha Tanga kabla haujaoza. Nami nakubaliana naye kabisa. Soko la nje la Malindi ni Kongowea, na kama serikali ina shilingi ya kufundisha masharti ya mauzo ya nje milimani, ianze na ya Horohoro: mifuko ya kilo 50, siku za kungoja baada ya kupiga dawa, kibali cha KEPHIS kabla ya kupakia, daftari kama la binti yule katika kila nyumba. Mkulima aliyezoea hayo hatakuwa mgeni siku mnunuzi wa Uholanzi au wa Muscat atakapokuja na orodha yake.

Mzigo wetu ulikaguliwa. Viroba viwili vya hoho vilifunguliwa, ofisa akapasua chache kwa kisu na kuzitazama ndani. Kiroba kimoja kikawekwa kando. Mama hakubishana, aliniambia nimpigie mkulima wangu wa Malindi sasa hivi, nimwambie kiroba kimetolewa kwa sababu ya kiwavi, aijue sababu, asije akadhani dalali amemla. Na nimwambie kwamba msimu ujao yeye atanunua kwa mifuko ya hamsini, iliyopimwa, yenye jina la shamba.

Binti ndiye aliyepokea. Nikamsikia akimweleza baba yake kwa Kisambaa, sauti ya mzee ikajibu kwa mbali, kisha binti akarudi kwenye simu: "Baba anasema sawa, tutapaki za hamsini. Ila huyo mama atutajie na bei ya hamsini leo, tuiandike."